Kripto Haina Huduma kwa Wateja

Mwaka jana, Jumamosi moja saa tatu usiku, nilituma USDT 60, yaani kripto za thamani ya dola 60, kwa mtu nisiyemjua. Hakuna aliyenipigia simu kunilaghai, wala sikubonyeza kiungo cha ajabu. Nilikuwa namlipa kijana anayenichorea nembo, ambaye nilishamlipa mara mbili kabla ya hapo. Kwa uvivu, badala ya kumwomba anwani upya, nikafungua historia ya miamala kwenye pochi ya simu yangu, nikanakili anwani iliyokuwa juu kabisa, nikaangalia herufi nne za mwanzo na nne za mwisho, nikaona ndizo, nikabonyeza. Baada ya robo saa kijana akaniandikia: "Kaka, mbona kwangu bado haijasoma?"

Haikusoma kwa sababu haikwenda kwake. Anwani ya Tron, mtandao unaotumiwa sana kutumiana USDT, ni mchanganyiko wa herufi na tarakimu 34 unaoanza na T. Nani anazisoma zote 34? Wezi wanalijua hilo. Wana programu zinazofyatua anwani kwa mamilioni mpaka ipatikane inayofanana kichwa na mkia na ile unayoizoea. Kisha wanakutumia senti chache, au sifuri kabisa, ili anwani yao ikae juu kwenye historia yako na kuisubiri siku yako ya uvivu. Mei 2024 mtu mmoja alinaswa kwa mtego huohuo akiwa anahamisha bitcoin 1,155 zilizofungashwa ili zitembee kwenye mtandao wa Ethereum, zenye thamani ya karibu dola milioni 68. Yeye alibahatika, maana baada ya majadiliano mwizi alirudisha sehemu kubwa. Mimi na dola zangu 60 sikuwa na cha kujadili.

Kitu cha kwanza nilichofanya usiku ule kinanichekesha mpaka leo: nilianza kutafuta namba ya huduma kwa wateja. Ni mazoea. Ukikosea namba kwenye M-Pesa unapiga simu, unajieleza, na kama aliyepokea hajaitoa, hela inazuiwa na kurudi. Benki nayo ina meneja na kaunta ya kwenda kuigongagonga. Huku hakuna kaunta. Mtandao ukishauthibitisha muamala, umeisha. Kampuni ya Tether, inayotoa USDT, inaweza kufungia anwani, na imewahi kufanya hivyo polisi wa nchi mbalimbali walipoomba, lakini kwa malipo ya nembo hakuna atakayeamka kitandani. Kwa hiyo ulinzi wote unafanyika kabla kidole hakijagusa kioo, na karibu kila nitakachokuambia hapa kinatoka kwenye jambo hilo moja.

Kabla ya kutuma

Usinakili anwani kutoka kwenye historia. Mwombe mwenyewe akutumie upya, au ihifadhi kwenye kitabu cha anwani ndani ya pochi ukiwa umeshaihakiki, na uitumie hiyo tu. Unapohakiki, soma na za katikati. Chagua herufi tano sita za tumboni mwa anwani uzilinganishe, kwa sababu programu za wezi hupata shida sana kufananisha hizo. Na ukishabandika, angalia tena palepale, maana kuna virusi vya simu na kompyuta ambavyo kazi yake ni kubadilisha anwani kati ya kunakili na kubandika.

Kiasi kikubwa kitangulie na kidogo. Tuma dola mbili, mpigie mwenzako, mwambie afungue pochi yake asome. Akishaona, tuma zilizobaki. Utalipa makato mara mbili na utajiona mshamba, lakini wafanyabiashara wa Kariakoo wanaolipa mizigo Guangzhou kwa USDT ndivyo wanavyofanya, na wao si washamba.

Halafu kuna suala la mtandao, ambalo huwamaliza wageni wengi kuliko wezi. USDT ni kama abiria, mitandao ni mabasi. Abiria yuleyule anaweza kupanda Tron, Ethereum au mtandao wa BNB, na mwenyeji wake lazima awe anamsubiri stendi hiyohiyo. Ukimpakia basi la Mwanza wakati mwenyeji yuko stendi ya Arusha, abiria hajafa, lakini kumpata ni kazi, na mara nyingine haiwezekani. Anwani zenyewe hukupa dalili: ya Tron huanza na T, ya Ethereum na jamaa zake huanza na 0x, ya Bitcoin mara nyingi huanza na bc1, au 1, au 3. Tatizo ni jamaa za Ethereum. Anwani zao zinafanana kabisa, kwa hiyo macho peke yake hayatoshi, lazima uulize: "Unapokelea mtandao gani?" Na ukiwa na pochi yako mwenyewe, weka nauli. USDT iliyoko Tron kwa kawaida haitoki mpaka uwe na TRX kidogo, sarafu ya Tron yenyewe, ya kulipia makato, jambo ambalo watu huligundua saa sita usiku wakiwa na haraka.

Maneno kumi na mawili

Ukifungua pochi mpya, yaani ile ambayo funguo zake unazishika mwenyewe, itakupa maneno 12, wakati mwingine 24, kwa mpangilio maalumu. Hayo ndiyo pochi. Simu ikiibwa, ikianguka chooni, ikifa, unachukua simu nyingine, unayaandika, na hela zinarudi zote. Upande wa pili wa habari hiyo ni kwamba mtu mwingine yeyote akiyaandika kwenye simu yake, hela ni zake pia, bila kuhitaji simu yako, laini yako, wala namba yako ya siri.

Hapo ndipo watu hufanya kosa linaloonekana la akili kabisa: wanapiga picha ya kioo. Sasa fikiria maisha ya simu yako. Picha hupanda zenyewe kwenye akaunti ya mtandaoni. Kioo kikipasuka unaipeleka kwa fundi, fundi anakuomba patani ya kufungulia "ili nijaribu tachi", unampa, unakwenda kunywa chai. Simu inakaa mezani kwake saa nzima ikiwa wazi, na picha ya maneno yako ipo kati ya picha za harusi na risiti za luku. Mafundi wengi ni watu waaminifu, lakini si lazima awe fundi. Februari 2025 watafiti wa kampuni ya Kaspersky walieleza kuhusu programu hasidi waliyoiita SparkCat, iliyojificha ndani ya programu za kawaida, nyingine zikiwa kwenye maduka rasmi ya Google na Apple. Kazi yake ilikuwa kupekua picha za simu na kusoma maandishi yaliyomo, ikitafuta maneno hayohayo.

Yaandike kwenye karatasi, kwa mkono. Tumia penseli nzito au kalamu isiyochuja kwa maji. Nakala mbili, nyumba mbili. Karatasi ina maadui wake: mvua inayovuja, moto, panya, mchwa, na dada wa kazi anayefanya usafi kwa moyo mmoja. Ifunge kwenye nailoni, iweke na hati za kiwanja. Na tafadhali usiipeleke steshenari kulaminishiwa. Nacheka nikiandika hivi, lakini nimemwona mtu foleni ya fotokopi, karatasi iko wazi juu ya kaunta, kijana wa mashine anamuuliza, "Hii ya nini, bro?"

Angalia tahajia. Maneno hutoka kwenye orodha rasmi ya maneno 2,048, na kwa wengi wetu pochi huleta ile ya Kiingereza. Zipo pia za Kifaransa, Kireno, Kijapani na nyinginezo, ya Kiswahili haimo. Orodha imepangwa ili herufi nne za kwanza za kila neno zitofautiane na za mengine yote. Rafiki yangu aliandika "angel", neno ambalo halimo. Lililopo ni "angle", na lipo pia "anger". Miezi sita baadaye simu ilipoibwa, herufi zake nne zilimpeleka kwenye "anger", pochi ikagoma, na alikaa siku mbili akijaribu mpaka akakumbuka. Kwa hiyo kabla hujaweka hela ya maana, futa pochi ikiwa tupu kisha irudishe kwa karatasi yako. Ikirudi, karatasi ni nzima.

Mtu yeyote anayekuomba maneno hayo ni mwizi. Sisemi huenda. Hata akiwa na nembo ya kampuni, hata akijiita kitengo cha usaidizi na akijua jina lako la tatu. Maneno huandikwa mahali pamoja tu, ndani ya pochi halisi, siku unayoirudisha wewe mwenyewe. Ukurasa unaokuambia "thibitisha pochi yako" au "pokea zawadi" ukafungua visanduku 12 vya kujaza, funga.

Kuna mtego mwingine ninaoupenda, kama mtu anavyoweza kupenda mtego. Mtu anaandika hadharani, chini ya video ya kripto: "Jamani nisaidieni, nina USDT humu sijui kuzitoa, maneno yangu ni haya," kisha anayamwaga yote 12. Ukiyaingiza kwenye simu, kweli, dola 2,000 zinaonekana. Zinakosa nauli tu. Unaingiza TRX za elfu hamsini ili uzitoe, na TRX zinafyonzwa sekunde ileile, au unakuta pochi imefungwa kwa namna ambayo haitoi bila saini ya mwenyewe. Aliyekwenda kuiba ameibiwa, na hawezi hata kwenda polisi kueleza alikuwa anafanya nini.

Kununua mkono kwa mkono

Huku kwetu wengi hununua kripto kwa P2P: soko la mtandaoni linakukutanisha na muuzaji, linazishikilia sarafu zake, unamtumia shilingi kwa simu au benki, naye akithibitisha ameipata, soko linaziachia sarafu kwako. Mpangilio huo ni mzuri mradi mtu asitoke nje yake. Muuzaji akikuambia, "Tuhamie WhatsApp, nitakupa bei nzuri," bei nzuri hiyo ndiyo chambo.

Anayeuza yuko hatarini zaidi ya anayenunua. Nilikuwa dukani kwa dada mmoja Kariakoo, anauza mikoba, na siku hiyo alikuwa na USDT 1,000 zilizobaki kwenye mzigo ulioahirishwa, akaamua kuziuza. Mnunuzi akapatikana haraka. Ujumbe ukaingia kwenye simu yake: umepokea shilingi 2,600,000, jina la mtumaji, namba ya muamala, kila kitu mahali pake, hadi salio jipya. Kidole kilikuwa tayari kwenye kitufe cha kuachia. Akasita. "Mdogo wangu, hebu soma hapa," akaniambia. "Asubuhi nilikuwa na laki tatu na elfu kumi na mbili. Hii inasema salio milioni mbili na laki sita na elfu arobaini. Zangu nyingine zimekwenda wapi?" Ilipaswa kusomeka 2,912,000. Akafungua menyu ya simu kuangalia salio lenyewe: 312,000, hakuna shilingi iliyoingia. Tulipotazama vizuri, ujumbe ulikuwa umetoka kwenye namba ya kawaida ya simu. Mnunuzi wakati huo alikuwa anaandika kwa hasira: "Dada achia basi, nimeshatuma, nitakuripoti."

Ujumbe unaweza kutungwa na yeyote. Salio linatungwa na mtandao wako tu, kwa hiyo fungua menyu au programu ya benki uangalie huko, kila mara, hata kama mnunuzi anapiga kelele. Hasa akipiga kelele.

Jambo la pili ni jina. Jina la aliyekutumia shilingi lazima liwe lilelile lililoko kwenye akaunti ya soko. Ukiambiwa "nimetumia laini ya shemeji," kataa, rudisha hela, futa biashara. Kuna ujanja wa pembe tatu: tapeli anamuuzia mtu simu ambayo haipo, anampa namba yako alipie, yule anakutumia hela, wewe unamwachia tapeli sarafu. Kesho aliyenunua simu hewa anakwenda polisi na risiti yenye jina lako. Tapeli hayupo popote kwenye karatasi hizo. Akaunti inayofungwa ni yako, na anayeitwa kituoni ni wewe.

Ukiuziana na mtu uso kwa uso, kwenye mgahawa, kuna USDT za bandia. Mtu yeyote anaweza kutengeneza sarafu akaipa jina la USDT na nembo yake ya kijani, ikaonekana kwenye pochi yako. Ile halisi ya Tron inatoka kwenye mkataba mmoja tu, ambao anwani yake huanza na TR7NHq. Fungua muamala uliopokea, uangalie unasema mkataba gani, na hapa pia usiishie kwenye herufi za mwanzo, ilinganishe yote na ile iliyoko kwenye tovuti ya Tether. Na kaa kwenye mgahawa wenye watu.

Shangazi na asilimia mbili

Wizi mkubwa kuliko wote hauhitaji kompyuta. Shangazi yangu, mwalimu mstaafu, alinipigia siku moja. Nikampa shikamoo yake, akaitikia kwa haraka ya mtu mwenye habari.

"Mwanangu, wewe si unajua mambo ya bitcoin? Kuna kundi tumeingizwa na mama Neema wa kanisani. Unaweka laki moja, inazaa asilimia mbili kila siku. Nimeweka, na juzi nimetoa elfu kumi, imekuja kweli."

Nikamwambia, "Shangazi, chukua kikokotoo." Asilimia 2 kwa siku, faida ikiachwa izae, hugeuza laki moja kuwa zaidi ya milioni 137 kwa mwaka mmoja. Akanyamaza. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitegemea kutoka kwake: "Kwa hiyo kama wana mashine hiyo, laki yangu wanaitakia nini?"

Ile elfu kumi aliyoitoa ndiyo kitanzi. Karibu kila mchezo wa aina hii hukuruhusu kutoa kidogo mwanzoni, na kidogo hicho ni hela ya aliyeingia baada yako. Sisi Watanzania tuliuona mchezo huu bila kripto: DECI, waliowaambia watu wapande mbegu na kuvuna, mpaka serikali ilipousimamisha mwaka 2009 mavuno yakiwa hayapo. Mbegu zilezile zikaja na suti mpya. OneCoin ya Ruja Ignatova ilikusanya zaidi ya dola bilioni 4 duniani, ikafika hadi Uganda, ambako watu waliuza mifugo waingie, ilhali haikuwa hata kripto: nyuma yake hapakuwa na daftari la wazi la miamala kama la Bitcoin, ni tarakimu tu walizojiandikia kwenye kompyuta zao. Mwenyewe alitoweka Oktoba 2017 na mpaka naandika haya anatafutwa na FBI.

Dalili ni zilezile. Faida ya uhakika. Kamisheni ya kuleta wenzako. Programu inayotumwa kama faili kwenye WhatsApp au Telegram kwa sababu "bado haijaingia dukani". Na siku unayotaka kutoa kikubwa, unaambiwa ulipe kwanza kodi au ada ya kufunguliwa akaunti. Hapo hesabu kwamba hela imekwisha, usiongeze nyingine kuifuata. Video ya rais au tajiri maarufu akihimiza jukwaa fulani isikubabaishe, sura na sauti sasa hutengenezwa mezani. Na rafiki mpya wa mtandaoni, mzuri, mpole, anayekujulia hali kila asubuhi kwa wiki tano kabla ya kugusia "mjomba wangu anajua soko", huyo mchezo wake una jina kwa Kichina: kuchinja nguruwe. Kwanza unanenepeshwa.

Ukishalizwa, watakuja wengine. Watakutafuta wakijiita wataalamu wa kurudisha kripto zilizoibwa, wanasheria, wadukuzi wema, na watataka malipo ya kuanzia. Mara nyingi ni walewale, au wameuziwa orodha na walewale. Shangazi alipigiwa wiki mbili baada ya kundi kufungwa. Alimjibu, "Mwanangu, mimi nilipoteza laki, wewe nitakupa shikamoo tu."

Sokoni au mfukoni

Wakongwe wa kripto watakuambia usiache hata senti sokoni, na wana kumbukumbu zao. Soko la Mt. Gox la Tokyo lilifungwa Februari 2014 likiwa limepoteza bitcoin zipatazo 850,000, na wadai wengi walisubiri hadi Julai 2024 kuanza kulipwa. FTX, soko jingine, ilianguka Novemba 2022, mwanzilishi wake Sam Bankman-Fried akahukumiwa miaka 25 jela Machi 2024. Februari 2025 wezi, ambao FBI iliwahusisha na Korea Kaskazini, walichota karibu dola bilioni 1.5 za Bybit kwa mkupuo, ingawa soko hilo lilijaza pengo na wateja hawakupoteza.

Pamoja na hayo, ushauri wangu kwa anayeanza ni tofauti kidogo. Kama una dola 50 au 100, na hujawahi kurudisha pochi kwa karatasi, hela hiyo iko salama zaidi kwenye soko kubwa lenye jina kuliko kwenye maneno 12 uliyoyaandika nyuma ya daftari la mtoto. Anza hapo. Jifunze. Siku kiasi kitakapofika kile ambacho ukikipoteza utaumia, ndiyo siku ya kuhamia kwenye pochi yako. Kikikua zaidi, nunua kifaa maalumu cha kuhifadhia funguo, kutoka kwa mtengenezaji au wakala wake anayetambulika, kamwe si cha mtumba. Kifaa kikija na karatasi yenye maneno yaliyokwisha kuandikwa, kuna mtu anayesubiri uweke hela.

Ukiwa sokoni, washa uthibitisho wa hatua mbili, na utumie programu ya kutoa namba badala ya ujumbe wa simu. Laini zetu huibwa: mtu anakwenda kwa wakala na kitambulisho cha kughushi, anasajili upya namba yako, simu yako inapoteza mtandao ghafla, na jumbe zote za uthibitisho zinaanza kuingia kwake. Ukiona laini imekufa bila sababu mchana kweupe, usisubiri kesho. Tanzania na hata Kenya unaweza kupiga *106# kuangalia namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda dukani kwa kampuni ya simu ikafungwe. Barua pepe ya soko iwe ya peke yake, yenye nywila isiyotumika kwingine.

Kuhusu kiasi sina mengi. Bitcoin ilikaribia dola 69,000 Novemba 2021, mwaka mmoja baadaye ilikuwa chini ya 16,000, na hakuna aliyeiba. Hela ya ada, ya kodi ya nyumba, na hasa ya kikoba, ambayo si yako peke yako, isiguse huku.

Sheria nayo iangalie ulipo. Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza Novemba 2019 kwamba sarafu hizi hazitambuliwi kama fedha halali, na Sheria ya Fedha ya 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya mali za kidijitali. Kutozwa kodi si sawa na kulindwa. Kenya ilipata sheria yake ya watoa huduma za kripto Oktoba 2025. Weka kumbukumbu za miamala yako, tarehe, kiasi, nani. Siku ukiulizwa, utakuwa na la kuonyesha.

Usipokuwepo

Mtu akifa akiwa na hela benki, familia inakwenda na cheti cha kifo na barua ya msimamizi wa mirathi. Akifa na maneno 12 kichwani, wamerithi hewa. Hata ukiwa hai inatokea: James Howells wa Newport, Wales, kifaa chake chenye funguo za bitcoin kama 8,000 kilitupwa dampo mwaka 2013, akapigania kulifukua kwa zaidi ya miaka kumi, na Januari 2025 jaji akaitupilia mbali kesi yake.

Sitaki kumwambia mke wangu maneno yenyewe leo, si kwa sababu simwamini, ila kwa sababu na yeye ana simu, ana fundi, na ana wadogo zake. Nilichofanya ni kuandika barua. Inasema nina nini, kiko wapi, karatasi mbili ziko kwa nani, pochi gani ipakuliwe kutoka wapi, na ndugu gani mwenye ujuzi asimame pembeni lakini asiishike simu. Maneno hayamo. Nakala moja ya karatasi iko ndani ya bahasha iliyozibwa kwa gundi, kwenye sanduku la mama, Tanga, chini ya kanga zake mpya ambazo havai. Nilipomkabidhi aliniuliza ni nini. Nikamwambia ni hati.

"Ya shamba?"

"Kama shamba, mama."

Kila nikienda likizo natazama kama gundi ni ileile. Desemba iliyopita nilikuta amehamishia bahasha kwenye mfuko wa nailoni, pamoja na vidonge vinne vyeupe vya kufukuzia wadudu.